Pskov: Mkoa wa Urusi Wenye Vijiji Vingi Kuliko Watu wa Kuvijaza

Orodha ya serikali ya mkoa wa Pskov, kaskazini-magharibi mwa Urusi, ina majina ya vijiji zaidi ya 8,000. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 599,084 katika mkoa mzima. Kati ya kila watu kumi, saba hivi wanaishi mijini. Ukiwatoa hao, wanaobaki vijijini ni kama laki moja na elfu themanini. Wagawe kwa vijiji 8,000 utapata watu ishirini na kitu kwa kijiji, na hapo bado hujaona jambo lenyewe, maana wastani huo unaficha mengi. Kipo kijiji chenye shule, duka na watu mia tatu. Kipo chenye bibi watatu na paka. Na vipo vingine, kwa mamia, ambavyo jina limebaki kwenye ramani na kibao cha barabarani, lakini moshi hautoki kwenye bomba la nyumba hata moja.

Hapa si Siberia, wala si jangwa la barafu. Kutoka mji wa Pskov hadi Saint Petersburg ni kilomita 290 hivi kwa barabara. Upande wa magharibi unapakana na Estonia na Latvia, na kusini ni Belarusi. Watu wameishi hapa zaidi ya miaka elfu moja, wakajenga ngome, wakaandika sheria zao, wakafanya biashara na Wajerumani. Inakuwaje basi nchi kongwe kiasi hiki ikaisha watu?

Majibu ya haraka ni mengi: baridi, ardhi mbovu, ulevi, vijana kupenda mjini. Kila moja lina ukweli wake kidogo. Lakini mikoa mingine ya Urusi ina baridi kali zaidi na haikuishiwa watu hivi. Kwa maoni yangu fundo la kwanza kulifungua ni mpaka. Pskov imekuwa ukingo wa dola, ikaacha kuwa ukingo, ikawa tena, ikaacha tena, na sasa ni ukingo kwa mara nyingine. Kila mpaka uliposogea, mtu wa kijijini ndiye aliyelipa.

Ardhi iliyoachwa na barafu

Tuanze na udongo, maana hata mpaka ulichorwa juu ya kitu. Mkoa una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 55,000, na karibu umbo lake lote ni kazi ya barafuto ya zamani. Barafu nene ilipoyeyuka na kurudi kaskazini iliacha vilima vya kokoto na mchanga, mabonde yasiyo na njia ya maji, na maelfu ya maziwa. Maji yalipokosa pa kwenda yakawa kinamasi. Mashariki mwa mkoa kuna kinamasi cha Polistovo-Lovat, kimojawapo cha vikubwa kabisa Ulaya, ambacho sehemu yake imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1994. Wenyeji huingia humo na ndoo mwishoni mwa kiangazi kuchuma beri nyekundu chachu. Kwa familia nyingi hizo ni fedha za kuingilia majira ya baridi.

Mto mkuu unaitwa Velikaya, maana yake tu ni "Mkubwa". Unapita mji wa Pskov na kumwaga maji katika ziwa ambalo Warusi huliita kwa majina mawili, Chudskoye upande wa kaskazini na Pskovskoye upande wa kusini. Jumla yake ni kilomita za mraba 3,555, zaidi kidogo ya nusu ya Urusi na iliyobaki ya Estonia, mpaka ukipita majini. Mali ya ziwa hili kwa karne nyingi ilikuwa snetok, samaki mdogo kama dagaa, aliyekaushwa kwenye majiko makubwa na kupelekwa mbali kwa magunia. Visiwani na pwani ya ziwa kuna vijiji ambavyo viliishi kwa samaki huyo peke yake.

Udongo wenyewe ni mwepesi, wenye tindikali, na mvua huuchuja rutuba. Ngano haipendi hapa. Rai, nafaka ya mkate mweusi, inavumilia. Lakini mmea ulioupenda udongo huu, hewa hii baridi na umande huu mzito, ni kitani. (Msomaji wa Tanga asichanganye na katani ya mkonge: kitani ni mmea mwembamba wa kimo cha kiunoni, maua yake ya buluu, na nyuzi zake ndizo zinazofumwa vitambaa vya kitani.) Kitani hakikatwi, hung'olewa na mizizi yake ili uzi usipotee urefu. Kisha hutandazwa shambani wiki kadhaa, umande uozeshe gundi inayoshika nyuzi, halafu hukaushwa, huvunjwa, hupigwa na kuchanwa kwa chanuo. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi, na zaidi ilikuwa mikono ya wanawake. Kijiji chenye watu wachache hakiwezi kulima kitani kwa njia ya zamani. Neno hilo litaturudia mbele.

Mji uliokuwa na kengele yake

Pskov inatajwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za kale za Warusi chini ya mwaka 903: mtawala Igor analetewa mke kutoka mji huo, jina lake Olga. Jirani yake, ngome ya Izborsk, imetajwa hata kabla, chini ya mwaka 862.

Kwa muda mrefu Pskov ilikuwa mdogo wa Novgorod, mji mkubwa wa mashariki. Ilikuwa ngao yake. Magharibi walikaa mashujaa wa Kijerumani wenye misalaba, kusini Walithuania. Mwaka 1242 jeshi la Alexander Nevsky, mkuu wa Novgorod, liliwapiga mashujaa hao kwenye barafu ya ziwa. Miaka ishirini na kitu baadaye, mwaka 1266, watu wa Pskov walifanya jambo linaloonyesha tabia yao: walimchukua mkimbizi wa Kilithuania aitwaye Daumantas, wakambatiza na kumfanya mkuu wao wa vita. Aliwalinda hadi alipofariki 1299, na mpaka leo wanamuenzi kama mtakatifu kwa jina la Dovmont. Hawakuuliza ametoka wapi. Waliuliza kama anajua kulinda mlango.

Mwaka 1348 Novgorod ilikubali kwamba Pskov sasa ni mji huru. Kwa miaka 162 iliyofuata mji huu uliendeshwa na baraza la raia, lililoitwa veche, ambalo lilikusanyika kwa mlio wa kengele mbele ya kanisa kuu la Utatu Mtakatifu, ndani ya ngome ya Krom. Nafaka za akiba za wenyeji zilitunzwa humo humo ngomeni. Mwizi wa mali ya Krom adhabu yake ilikuwa kifo, sawa na mwizi wa farasi, msaliti na mchoma nyumba. Tunayajua haya kwa sababu Pskov iliandika sheria zake, mkusanyiko uliokua kati ya mwisho wa karne ya 14 na karne ya 15. Ndani yake mkulima anayelima ardhi ya mwingine ana haki ya kuondoka mara moja kwa mwaka, tarehe 14 Novemba, baada ya kumaliza hesabu na mwenye shamba. Haki ndogo. Lakini tuikumbuke tarehe hiyo, kwa sababu baadaye wajukuu wa wakulima hao watafungiwa mlango karne kwa karne.

Na biashara? Wajerumani wa Hansa, ushirika wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, walikuwa na ua wao ng'ambo ya mto. Walinunua kitani, nta na ngozi, wakaleta chumvi, vitambaa na vyuma. Mwaka 1607 mfanyabiashara mmoja, Tönnies Fenne, aliandika kitabu cha mkono cha kujifunzia Kirusi cha mtaani Pskov: maneno ya sokoni, namna ya kupatana bei, namna ya kulaumu mzigo mbaya. Yeyote anayejua jinsi lugha ya bandari inavyokua kinywani mwa wauzaji na wanunuzi atakitambua kitabu hicho mara moja. Kwa wanaisimu ni hazina, maana kimehifadhi Kirusi kilichosemwa kweli, si kile cha makanisani.

Kengele ilishushwa tarehe 13 Januari 1510. Vasily wa Tatu, mtawala wa Moscow, aliuvunja uhuru wa mji bila vita. Familia 300 za wakubwa wa Pskov zilihamishwa kwa nguvu, na familia za Moscow zikaletwa mahali pao. Katika historia ya Warusi tukio hilo huandikwa kama hatua ya kuunganisha nchi. Sawa, nchi iliunganishwa. Lakini mimi huwaza zile familia 300 kwenye sleji, magari yasiyo na magurudumu yanayoteleza juu ya theluji, katikati ya Januari. Na ndiyo mara ya kwanza, kwa ninavyoona, ambapo watu wa Pskov wanahesabiwa kama vitu vya kupangwa upya na mwenye nguvu wa mbali.

Moscow ilihitaji ngome, na Pskov ikabaki ngome. Mwaka 1581 mfalme wa Poland, Stefan Batory, aliizingira kwa miezi na kushindwa kuingia. Mwaka 1615 Gustavus Adolphus wa Uswidi alijaribu naye akaondoka mikono mitupu. Kisha Peter Mkuu akaanzisha Saint Petersburg mwaka 1703, akaishinda Uswidi, na kwa mkataba wa 1721 mpaka wa Urusi ukaruka hadi kwenye Bahari ya Baltiki. Riga na Tallinn sasa zilikuwa bandari za Urusi. Kwa dola yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa Pskov ilikuwa kama duka la kona lililojengewa soko kubwa upande wa pili wa barabara: ngome haikuwa na adui wa kumsubiri, na soko halikuwa na mgeni wa kumpokea. Kitani kilipita, faida haikubaki. Mji wa wafanyabiashara ukageuka makao ya mkoa wa mashamba.

Mabwana, wakulima, na Mwafrika mmoja

Katika mashamba hayo ndipo tunakutana na mtu ambaye msomaji wa Afrika ana haki ya kusimama naye kidogo.

Mwaka 1742 malkia Elizabeth, binti wa Peter, alimpa Abram Petrovich Gannibal ardhi kubwa kusini mwa mji wa Pskov. Gannibal alizaliwa Afrika. Alitekwa akiwa mtoto, akafikishwa Istanbul, na kutoka huko akaletwa Urusi mnamo 1704. Alibatizwa Vilnius mwaka 1705, Peter Mkuu akiwa baba yake wa ubatizo. Alisomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akarudi, akapanda hadi ujenerali. Kwa muda mrefu ilisemwa alitoka Uhabeshi. Mtafiti wa Benin, Dieudonné Gnammankou, alitoa hoja nzito kwamba alitoka Logone-Birni, kusini mwa Ziwa Chad, katika nchi ya leo ya Kamerun. Mjadala haujafungwa.

Mtoto wake Osip alirithi shamba la Mikhailovskoye. Binti wa Osip, Nadezhda, alimzaa Alexander Pushkin, mshairi ambaye Warusi humweka mbele ya wote. Kwa hiyo Pushkin ni kitukuu cha Gannibal, naye hakulificha hilo. Alilijivunia na kuanza kuandika riwaya juu ya babu huyo. Serikali ilipomwadhibu kwa maandishi na maneno yake, ilimpeleka hapa hapa, Mikhailovskoye, kuanzia Agosti 1824 hadi Septemba 1826. Miaka miwili ya kijijini, na majirani wachache wa shamba la Trigorskoye, na hadithi za mlezi wake Arina Rodionovna jioni za baridi. Alitoka na tamthilia ya Boris Godunov na sura kadhaa za Eugene Onegin. Alipouawa katika pambano la bastola mwaka 1837, mwili wake ulirudishwa kuzikwa kwenye monasteri ya Svyatogorsky, kilomita chache kutoka shambani.

Jambo hili tusilipambe. Gannibal aliyetekwa mtoto alipewa ardhi pamoja na watu walioishi juu yake. Wakulima wa Pskov wakati huo walikuwa mali ya wenye mashamba. Waliuzwa, waliwekwa rehani, walipigwa viboko. Ile haki ya kuondoka tarehe 14 Novemba ilikuwa imekwisha zamani. Utumwa huo wa mashambani ulifutwa mwaka 1861, na hata hapo wakulima walitakiwa kulipia ardhi kwa miongo kadhaa. Nyumba nzuri zenye bustani ambazo watalii huzizuru leo zilijengwa na mikono hiyo. Mkoa umetoa watoto wengine wa mabwana waliovuma: mtunzi wa muziki Modest Mussorgsky alizaliwa Karevo mwaka 1839, na mwanahisabati Sofia Kovalevskaya alikulia Polibino. Wote wawili waliwasikia wakulima wakiimba. Kwa Mussorgsky sikio hilo linasikika katika kila alichoandika.

Waskobari, Waseto, na watu wa Nevel

Warusi wa mikoa mingine huwaita watu wa Pskov skobari, kutokana na skoba, kipande cha chuma kilichopindwa cha kushikilia mbao, kazi iliyowapa sifa wahunzi wa hapa. Mara nyingine jina hilo hutamkwa kwa dharau, kumaanisha mshamba. Wenyewe wamelichukua na kulivaa.

Usemi wao wa kijijini una mambo yanayowasisimua wataalamu. Sauti "ch" na "ts" hupishana au kuwa kitu kimoja. Na katika maneno machache ya kale imebaki "k" ambapo karibu Waslavi wote wengine walishaibadilisha kuwa "ts" zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: mnyororo, ambao kwa Kirusi cha kawaida ni tsep, bibi wa Pskov aliweza kuuita kep. Chuo kikuu cha Saint Petersburg kimekuwa kikichapisha kamusi ya lahaja hii tangu 1967. Kazi hiyo ni mbio dhidi ya muda, maana kila jeneza linalotoka kijijini linaondoka na maneno.

Upande wa magharibi, kuzunguka mji wa Pechory, wanaishi Waseto. Lugha yao ni ndugu ya Kiestonia, dini yao ni Orthodoksi kama Warusi, ilhali Waestonia wengi walifuata Ulutheri. Kwa Warusi walionekana Waestonia, kwa Waestonia walionekana nusu Warusi. Wanawake wao huvaa bamba kubwa la fedha kifuani, na kuimba nyimbo ambazo mmoja anatunga mstari papo hapo na kundi linauitikia. UNESCO iliziweka nyimbo hizo katika orodha yake mwaka 2009, kwa ombi la Estonia. Upande wa Urusi, sensa ya 2010 ilihesabu Waseto mia mbili na kitu tu.

Kusini, Nevel ulikuwa mji wenye Wayahudi wengi. Mpiga piano mashuhuri Maria Yudina alizaliwa hapo 1899, na baada tu ya mapinduzi kikundi cha vijana wenye kufikiri, akiwemo Mikhail Bakhtin, baadaye mwanafalsafa mashuhuri wa fasihi, kilikuwa kikikutana kujadili falsafa katika mji huo mdogo. Septemba 1941 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi waliobaki Nevel wakawaua nje ya mji.

Mpaka unarudi

Karne ya 20 ilipita juu ya mkoa huu kwa uzito wote. Ilianza stesheni. Tarehe 2 Machi 1917 kwa kalenda ya zamani, Nicholas wa Pili alitia saini ya kuacha kiti cha ufalme ndani ya behewa lake, treni ikiwa imesimama Pskov. Siku moja kabla treni hiyo ilipita Dno, njia panda ya reli iliyo katika mkoa huu, na kwa kuwa dno kwa Kirusi ni "chini kabisa", wengi hupenda kusimulia kwamba mfalme alianguka hapo. Saini ilikuwa ya Pskov.

Mwaka 1920 mpaka ukarudi. Kwa mikataba ya Tartu na Riga, Urusi ya Kisovieti ilizitambua Estonia na Latvia, na Pechory na Izborsk zikawa upande wa Estonia, Pytalovo upande wa Latvia. Hapo historia ilifanya mchezo wake. Ndani ya Muungano wa Kisovieti makanisa yalifungwa na watawa wakapelekwa kambini. Monasteri ya mapango ya Pechory, iliyoanzishwa 1473, ilisalimika kwa sababu kwa miaka ishirini ilikuwa nchi nyingine. Ni moja ya monasteri chache sana za Urusi ambazo hazikufungwa kamwe. Miaka ya 1960 serikali ilipotaka kuifunga, mkuu wake Alipy, mchoraji wa picha takatifu aliyekuwa amepigana vita dhidi ya Wajerumani, alikataa na kushinda. Upande wa pili wa mpaka huo, wakulima waliingizwa kwenye mashamba ya pamoja, kolkhozi, na waliopinga wakahamishwa.

Kisha vita. Wajerumani waliingia Pskov Julai 1941 na hawakutoka hadi Julai 1944. Miaka mitatu kamili. Misitu na vinamasi, vile vile vilivyomnyima mkulima ngano, vikawaficha wapiganaji, na mashariki mwa mkoa wa leo waliweza kushika eneo zima nyuma ya mistari ya adui. Machi 1942 wanavijiji wa eneo hilo walijaza sleji 223 chakula, wakavuka nazo mstari wa vita usiku kwa usiku kukipeleka Leningrad (Saint Petersburg kwa jina lake la Kisovieti), mji uliokuwa ukifa njaa. Wao wenyewe hawakuwa na ziada. Nikisoma mambo ya mkoa huu hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko penginepo, kwa sababu mji ule ule waliouokoa kwa magunia yao ndio utakaokuja kuwameza watoto wao.

Malipizi yalikuwa ya kutisha. Novemba 1943 kijiji cha Krasukha, karibu na Porkhov, kilichomwa pamoja na watu wake wapatao 280. Leo pamekaa mwanamke wa jiwe, ameinamisha kichwa, peke yake shambani. Kijiji hakikujengwa tena. Velikiye Luki, mji wa pili wa mkoa, uliteketezwa katika mapigano ya majira ya baridi ya 1942 na 1943.

Mkoa wenyewe ulitangazwa Agosti 1944. Pechory na Pytalovo ziliondolewa Estonia na Latvia zikaunganishwa nao, na mpaka ukawa tena mstari wa ndani ya dola, wa karatasi tu.

Walivyoondoka

Baada ya vita mwanakijiji wa kolkhozi hakuwa na pasi ya ndani, na bila pasi huwezi kuhamia mjini kwa halali. Haki ya pasi kwa wote wa vijijini ilikuja kwa uamuzi wa 1974. Lakini watu walikwisha kujua njia: jeshi, ndoa, chuo cha ufundi, viwanda vya Leningrad vilivyohitaji mikono. Kijana aliyeitwa jeshini hakurudi. Msichana aliyekwenda kusomea ushonaji hakurudi. Leningrad ilikuwa safari ya nusu siku kwa treni.

Serikali nayo iliongeza upepo. Kuanzia miaka ya 1960 wapangaji waligawa vijiji mafungu mawili, vyenye matumaini na visivyo na matumaini. Kisicho na matumaini hakikupewa barabara, shule yake ilifungwa, duka likafuata, umeme ukicheza. Neno la ofisini likageuka unabii. Nani atalea mtoto kwenye kijiji ambacho serikali imekiandika hakina kesho? Na mkoa uliokuwa na maelfu ya vijiji vidogo vilivyotawanyika, kwa sababu udongo mzuri hapa hupatikana vipande vipande juu ya vilima, uliumia kuliko mikoa ya udongo mweusi ambako vijiji ni vikubwa. Hapa ndipo barafuto na ofisi ya mipango vinapokutana.

Mwaka 1989 mkoa ulikuwa na watu zaidi ya 840,000. Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991, na kilichofuata kinasomeka kwenye sensa: 760,810 mwaka 2002, 673,423 mwaka 2010, 599,084 mwaka 2021. Kolkhozi zilikufa, viwanda vya kitani vikakosa ruzuku na wanunuzi. Vifo vilizidi uzazi kwa mbali; waliobaki walikuwa wazee. Kitani kinataka mikono, na mikono haikuwepo. Mashamba yakaota kwanza majani, kisha miti ya gome jeupe, na pengine borshevik, mmea mkubwa kuliko mtu ambao Wasovieti waliueneza kama chakula cha ng'ombe. Utomvu wake ukikugusa juani unababua ngozi kama maji ya moto.

Na mpaka, ule wa karatasi, ukawa waya na visa. Upande wa Waseto ulikata makaburi, mashamba na ndoa. Kuna barabara ya Estonia ya kwenda Saatse ambayo kwa kilomita moja hivi inapita ndani ya ardhi ya Urusi. Kwa miaka mingi magari yaliruhusiwa kupita bila visa kwa sharti moja: usisimame, usishuke, usitembee kwa miguu. Mkataba wa mpaka na Latvia ulitiwa saini 2007. Ule wa Estonia ulitiwa saini 2005 na tena 2014, na haukuwahi kuanza kutumika. Waseto wengi walichagua kuhamia Estonia.

Kwa muda mfupi ilionekana mpaka ungeweza kuwa mlango tena: malori ya mizigo, wageni, sherehe ya miji ya Hansa iliyofanyika Pskov 2019, mwaka huo huo UNESCO ilipoyapokea makanisa ya zamani ya mji, yale meupe mafupi manene yenye minara ya kengele ya matao. Vita vya Ukraine viliufunga mlango huo. Pskov ni makao ya kitengo cha 76 cha askari wa miavuli, mwajiri mkubwa wa vijana katika mkoa usio na ajira nyingi. Mwaka 2014 mwanasiasa wa hapa, Lev Shlosberg, alichapisha habari za makaburi mapya ya askari hao na akapigwa vibaya mtaani siku chache baadaye. Mwishoni mwa Agosti 2023 ndege zisizo na rubani ziliharibu ndege za kijeshi kwenye uwanja wa Pskov. Ngome imerudi kazini, na watoto wa vijijini ndio wanaojaza safu zake.

Vijijini maisha yanaendelea kwa namna yake. Gari la duka hufika siku zake likiwa na mkate, sukari, unga na dawa za panya, na wazee husubiri njiani mapema kuliko inavyolazimu, maana ndipo wanapoonana. Kiangazi watu wa Saint Petersburg na Moscow hufungua madirisha ya nyumba za magogo walizonunua, hupanda viazi, huokota uyoga, na Septemba huyapigilia mbao tena. Nyumba inayotumika miezi mitatu bado ina paa zima. Ile ya jirani isiyo na mtu huanguka kwanza upande wa jiko la matofali, maji yakishaingia kwenye bomba.

Makaburi hayajaachwa. Sikukuu ya Utatu, mapema kiangazi, magari hujaa kwenye vijiji ambavyo mwaka mzima havina mtu; familia hung'oa magugu, hupaka rangi uzio wa chuma, hukaa kwenye kibenchi kando ya kaburi na kula. Waseto hufanya hivyo Pechory tarehe 28 Agosti, sikukuu ya Kulala kwa Mama wa Mungu, wakati njia ya monasteri inapotandikwa majani na maua ili picha takatifu ipitishwe juu yake. Hutandika kitambaa cha kitani juu ya kaburi, huweka samaki, mayai na mkate, na kuwaita marehemu kwa majina. Aliyetoka upande wa Estonia lazima awe amepanga foleni mpakani na pasi mkononi, amebeba chakula cha kwenda kula na mama yake.